Penalti Niliyoipuliza kwa Ajili ya Raudha

Sehemu ya Nne

Wiki iliyopita niliwaacha mie nikiwa ndani ya gari ya Brightson pale Rangi Tatu, vioo vimepandishwa, naye ananisubiri nijibu. Wapo wasomaji waliotuma ujumbe wakiniombea niwe nimekataa. Nawashukuru sana. Sikukataa.

Kwa asiyekuwa nasi, nitasema kwa kifupi.

Naitwa Mwishehe. Siku za kazi ni fundi umeme, mwisho wa wiki ni mwamuzi wa mpira, mwaka wa kumi na nne sasa. Khalfani ndiye mshika kibendera wangu. Tulisoma kozi ya uamuzi pamoja, tukafeli mtihani wa mbio pamoja, tukarudia pamoja. Ana mtoto mmoja tu, Raudha, miaka saba. Valvu ya moyo wake haifungi. Damu inayotakiwa iende mbele inarudi nyuma.

Kundi letu la waamuzi lilijitoa kweli. Watu ambao posho ya mechi ikitoka nauli inabaki ya soda, walitoa posho nzima. Mama Naima, mwenyekiti wetu na ndiye mhazini wa mchango, alivunja kibubu alichokuwa anakusanyia safari ya Umra. Khalfani mwenyewe alikuwa keshauza bajaji. Bado zilipungua milioni tano, na kila mtu alikuwa keshakamuliwa mpaka tone la mwisho.

Ndipo akaja Brightson, katibu wa Kimbunga FC. Alitaka kitu kimoja: Jumamosi, Kimbunga wakicheza na Wachonga Stars, apate penalti. Angelipa hela yote iliyobaki.

Nilimwambia nitafikiria. Ukimsikia mtu anasema hivyo, ujue keshakubali, anatafuta tu sababu.

Sababu niliipata Ijumaa asubuhi, nyumbani kwa Khalfani, Kiburugwa.

Raudha alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, mgongo kaegemeza ukutani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Vizuri. Leo nimetembea mpaka bombani peke yangu." Akavuta pumzi kwanza, ndipo akaendelea. "Nimepumzika mara mbili tu. Juzi nilipumzika mara nne."

Bomba lenyewe liko palepale uani. Mie nikitoka mlangoni nakohoa mara moja, nimeshafika.

"Hongera," nikamwambia.

Mama yake, Mahfudha, alikuwa anafua. Aliponiona akasimama, povu bado limemjaa mikononi.

"Shemeji, hospitali wamepiga simu. Kuna madaktari wageni wa moyo wamekuja, na jina la Raudha limo. Jumatano."

"Alhamdulillah!"

"Usishukuru bado. Hela iwe imelipwa Jumatatu. La sivyo nafasi anapewa mtoto mwingine."

"Na hao wageni wakiondoka?"

"Mwakani ndo wanarudi." Akanitazama usoni. "Umempita pale mlangoni, shemeji. Wa mwakani yule?"

Nikageuza maneno.

"Khalfani yuko wapi?"

"Katoka kuswali alfajiri, mpaka sasa hajarudi. Siku hizi akimaliza swala anakaa hukohuko msikitini. Anaogopa kurudi nyumbani." Akachota maji akajimwagia mikono. "Wewe una watu wako, shemeji. Jaribu huko."

Sikujiuliza ni watu gani. Nilitoka mpaka barabarani, nikampigia Brightson.

"Nimekubali."

"Safi sana, braza. Nikurushie kwenye namba hii hii?"

"Mie usinitumie hata senti. Tuma kwa mhazini wa mchango. Usiweke jina."

Akacheka. "Duh! We refa msafi kweli."

Nikakata simu. Nikatema mate chini, na bado mdomo ukabaki mchungu.

Jumamosi, saa kumi alasiri, kiwanja cha vumbi kule Chamazi. Watu wamepanga mstari kuzunguka uwanja mzima, wengine wamepanda juu ya ukuta.

Wachonga Stars ni timu ya wachonga vinyago wa Mwenge. Hawana mfadhili. Jezi wanazifua wenyewe, na nauli huwa wanauza kinyago wanapata. Msimu ule walikuwa wanaongoza ligi, na siku ile sare tu ingewatosha kupanda daraja. Kimbunga walihitaji kushinda.

Kabla ya mechi kocha wa Wachonga, Benedikto, mzee wa Kimakonde mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, alimfuata Khalfani. Hakunifuata mie.

"Khalfani, binti anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu, kocha. Jumatano inshallah, kama mambo yatakaa sawa."

"Yatakaa. Kule kwetu tunamtaja kwenye sala kila siku."

Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Mechi ilikuwa ngumu lakini safi. Nakumbuka nilivyokuwa naomba, ndiyo, nilikuwa namuomba Mungu, Kimbunga wafunge bao lao halali ili nisilazimike. Dakika ya sitini wakagonga mwamba. Dakika ya sabini na tano kipa wa Wachonga akapangua mpira ambao nilishaanza kuushangilia moyoni. Bila bila.

Dakika ya themanini na nane, straika wa Kimbunga aliingia eneo la hatari. Mpira ulishamtangulia. Pembeni yake alikuwa Didas, nahodha wa Wachonga, beki wa miaka thelathini na minne ambaye alishatangaza kuwa huo ndio msimu wake wa mwisho. Straika akajiangusha. Kati yake na Didas ingepita baiskeli.

Nikapuliza.

Didas alinijia mikono ameiweka nyuma, mikono yenye makovu ya patasi. Hakupiga kelele.

"Refa, nimemgusa wapi? Nionyeshe tu nilipomgusa, mie ninyamaze."

"Rudi nyuma."

"Nionyeshe, refa. Nakuomba."

Nikamwonyesha kadi ya njano.

Uwanja ukalipuka. Chupa zikaanza kurushwa, watu wakavuka mstari, wachezaji kumi na moja wakanizunguka, na niliona kabisa kwamba pale sitoki. Hapo ndipo nilipofanya kitu kibaya kuliko ile penalti yenyewe.

Nilikimbia kwa Khalfani.

Alikuwa upande ule ule, sambamba na tukio. Kibendera chake kilikuwa kimeangalia chini. Nikaziba mdomo kwa mkono kama tunavyofanyaga.

"Vipi?"

"Hamna kitu, Mwishehe. Kajirusha yule. Futa, umpe yeye kadi."

"Una uhakika?"

"Nilikuwa usawa wao. Hamna kitu pale."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikakitikisa kwa nguvu, uwanja mzima uone. Nikampiga Khalfani begani kama mtu anayemshukuru mwenzake kwa kumthibitishia. Kisha nikageuka, nikakimbia huku kidole kimenyooka kwenye alama ya penalti.

Mnisamehe niwaeleze Khalfani ni nani kwa watu wa mpira. Misimu mitatu nyuma kuna timu ilimpa bahasha. Aliipeleka kwa kamisaa wa mechi mbele ya watu, ikiwa haijafunguliwa. Msimu uliofuata alinyimwa mechi karibu zote, mtoto kitandani, na hakulalamika hata siku moja. Toka hapo mashabiki walikuwa wakiona kibendera chake kimepanda, wanaacha kubishana.

Ndicho nilichokichukua siku ile. Nilisikia kelele zinapungua. Nikamsikia shabiki mmoja wa Wachonga anawavuta wenzake nyuma.

"Basi, jamani. Kama Khalfani kasema, basi."

Kimbunga wakafunga. Dakika nne baadaye nikamaliza mpira. Didas alilala kifudifudi kwenye lile vumbi, hakuna aliyeweza kumnyanyua.

Chumba chetu cha kubadilishia nguo kilikuwa darasa la shule ya jirani. Khalfani alikaa kwenye dawati la mbele, viatu hajavua, macho kwenye ubao.

"Uliniuliza," akasema.

"Khalfani..."

"Uliniuliza, nikakujibu. Nilikujibu nini?"

Mlango ukagongwa. Akaingia Benedikto. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikajua kaja kunitukana, na haki ya Mungu nilitamani anitukane.

Alikuwa ameshika bahasha ya kaki.

"Khalfani," akasema, "hii vijana waliichanga wiki nzima. Kila aliyeuza kinyago alitoa kidogo. Tulikuwa tukupe tukishashangilia." Akajaribu kucheka. "Sasa kushangilia hakuna, ila mtoto hana kosa."

Khalfani hakunyoosha mkono.

"Wengine pale nje wanasema refa kala hela," Benedikto akaendelea, na hakunitazama. "Nimewakatalia. Nimewaambia kama angeamua peke yake, hata mie ningesema hivyo. Lakini kamuuliza Khalfani, na Khalfani kasema ni penalti. Khalfani hawezi kutudanganya. Basi tumefungwa, yameisha."

Khalfani akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, wala marehemu baba yangu siku aliyonifukuza nyumbani.

Ilikuwa zamu yake kusema. Neno moja tu lilitosha.

Akasimama. Akaipokea ile bahasha kwa mikono miwili.

"Ahsante, kocha," akasema. "Wape ahsante vijana."

Tulirudi pamoja mpaka Mbagala. Alishuka, akaenda zake, hakuniaga.

Jumapili mchana simu yangu haikutulia. Mama Naima alikuwa ameandika kwenye kundi letu la simu: *Wanangu, msamaria asiyetaka kujulikana ametuma kiasi chote kilichobaki. Raudha atapasuliwa Jumatano. Allah amlipe huyu mtu mara elfu.*

Chini yake watu walikuwa wametuma sauti zao wakilia. Mwamuzi mmoja wa Kawe, mwanamume wa miraba minne ambaye mashabiki humwogopa, alituma sauti ya dakika nzima ambayo ndani yake hakuna neno, ni kwikwi tupu. Kila mtu alimwombea dua msamaria. Dua ile niliisoma mara nyingi sana. *Allah amlipe huyu mtu.*

Niliandika "Amin". Nikaifuta.

Khalfani hakuandika chochote.

Jumatatu hela ikalipwa, mtoto akalazwa. Jumanne adhuhuri Khalfani akanipigia. "Njoo hospitali. Usipite wodini, njoo huku nyuma wanakoanika mashuka."

Nilimkuta amesimama katikati ya kamba za mashuka ya kijani.

"Brightson alikuja asubuhi," akaanza. "Kamletea Raudha matunda. Kaniambia, braza, Kimbunga wote tuko nyuma yako. Mie na Brightson tunajuana wapi, Mwishehe?"

Nikatazama mashuka.

"Nitakuuliza swali moja. Ukiniambia hapana, wallahi nitakuamini, na hatutalizungumza tena mpaka tunaingia kaburini. Ile hela ya msamaria ni ya Kimbunga?"

Alikuwa ananiomba. Mtu asiyewahi kudanganya alikuwa ananiomba nimdanganye, nami toka Jumamosi nilikuwa mwongo mzoefu. Neno lenyewe ni dogo. Hapana. Nililitafuta mdomoni, sikulipata.

Khalfani akakaa chini palepale kwenye saruji.

"Kwa hiyo Benedikto kaja na bahasha," akasema taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Kaja kumchangia mtoto wangu, na mtoto wangu keshamlia timu yake."

"Nilifanya kwa ajili ya Raudha."

"Najua. Unadhani sijui? Lakini ungeipuliza mwenyewe. Ungeibeba mwenyewe mpaka mwisho. Kwa nini ulikuja kwenye mstari wangu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa."

"Walikuwa wananiua, Khalfani."

"Kwa hiyo ukanipa mie nife."

Akasimama, akajipangusa. "Naenda kwa mhasibu wa hospitali. Hela irudi ilikotoka."

"Haiendi popote."

Ilikuwa sauti ya Mahfudha. Sijui alikuwa amesimama nyuma ya mashuka kwa muda gani.

"Mahfudha, hii hela ni haramu. Tumeibia watu."

"Najua."

"Hujui. Ngoja nikueleze..."

"Najua ilikotoka, baba Raudha." Alisema polepole. "Brightson alikuja kwangu kwanza. Wiki mbili zimepita, wewe ulikuwa umeenda kibaruani. Alikuwa anakutaka wewe. Nikamwambia asijisumbue, mume wangu hanunuliki, utamtangaza mji mzima."

Akanigeukia. Hakuona haya hata kidogo.

"Nikampa namba ya shemeji."

Miaka kumi na minne nilidhani watu wakituona mie na Khalfani tumeongozana na jezi zetu nyeusi, wanaona waamuzi wawili waaminifu. Mahfudha alikuwa anamwona mmoja.

"Ulijuaje kama atakubali?" Khalfani akamuuliza.

"Anampenda mtoto," Mahfudha akasema. "Na hana msimamo kama wako. Nilihitaji mtu wa namna hiyo. Nisamehe, au usinisamehe, nitaipokea yote. Lakini Raudha kule ndani keshavuliwa hereni, keshaoshwa kifua na dawa, na kamwambia kila nesi kwamba kesho moyo wake unatengenezwa. Nenda wewe ukamwambie hautengenezwi."

Khalfani aliangalia madirisha ya wodi. Upepo ulikuwa unampiga na shuka bichi usoni, naye hakulitoa.

"Mie nami siwezi kujitoa lawamani," akasema mwishowe. "Benedikto aliposema Khalfani kasema, nilikuwa nishajua penalti ni ya uongo. Sikujua kuhusu hela, ila hilo nilijua. Ningeweza kumwambia palepale. Nikatazama bahasha, nikaona Jumatano. Nikasema ahsante."

Mahfudha akaanza kulia. Khalfani hakumsogelea, ila hakuondoka pia.

"Apasuliwe," akasema. "Kesho nitasaini."

Jumatano alisaini. Raudha alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu, kofia ya hospitali imemfunika mpaka kwenye nyusi.

"Baba, nikiamka nitakuwa nimepona hapohapo, au mpaka kesho yake?"

"Wewe ndo utatuambia, mama."

"Nitaweza kukimbia?"

"Utakimbia mpaka utuchoshe."

Akambusu kwenye paji la uso, akamsomea kitu sikioni, mlango ukafunguliwa, wakamwingiza. Saa mbili na nusu asubuhi. Khalfani akasimama pale mpaka mlango ukaacha kuchezacheza. Kisha akavaa kofia yake.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Nina pa kwenda."

Mahfudha hakumuuliza. Alikuwa amefumba macho, tasbihi mkononi.

Tukabaki wawili kwenye benchi. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Kwenye saa nne na dakika chache simu yangu ikalia. Mama Naima.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia.

"Khalfani yuko hapa ofisini kwangu," akasema. "Kaleta barua, kaiandika kwa mkono wake. Anasema yeye ndiye aliyekula hela ya Kimbunga. Anasema ulimfuata kwenye mstari kumuuliza, naye akakwambia ni penalti, wewe ukamwamini."

Niliitoa simu sikioni, nikaiangalia, nikairudisha.

"Upo, Mwishehe?"

"Nipo, mama."

"Kamwita na Benedikto aje asikie. Kamwomba radhi amepiga magoti. Mzee wa watu analia hapa kama mtoto, hataki kuamini."

"Mama, ile hela ya..."

"Hela ya matibabu hakuna atakayeigusa. Hilo litoe kichwani. Mtoto atatibiwa, atatibiwa mpaka apone. Kinachobaki ni sie watu wazima." Akakohoa kidogo. "Adhabu yake unaijua. Anafungiwa maisha, na jina lake linasomwa mbele ya waamuzi wote. Mie nimeifanya kazi hii miaka thelathini. Kuna kitu hapa hakiniingii akilini. Mlikuwa wawili tu kwenye ule mstari, hakuna mwingine aliyesikia. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na nitalichukua neno lako. Khalfani alikuambia nini?"

Wasomaji, nilikuwa na nafasi. Hakuna aliyenishikia kisu. Mtoto alikuwa ndani, hela imelipwa, kisingizio cha Raudha alikuwa keshaniondolea Mama Naima mwenyewe kwa mdomo wake. Kilichobaki ni mie, jina langu, na barua ya majaribio ya kwenda kuchezesha ligi kuu ambayo niliisubiri toka nina nywele zote kichwani.

Nilisema ningeandika yote kwenye gazeti hili. Haya.

"Aliniambia ni penalti, mama," nikasema.

Upande wa pili nikasikia mtu anapenga kamasi, nadhani ni Benedikto. Kisha Mama Naima akasema, "Haya, baba," kwa sauti ya uzee ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akakata.

Mahfudha alikuwa ubavuni kwangu. Kati ya sikio lake na ile simu hapakuwa hata na shubiri moja. Tasbihi ilikuwa imesimama.

Akafumbua macho, akanitazama. Aliokota mkoba wake, akanyanyuka, akaenda kukaa benchi la upande wa pili wa korido, akanipa mgongo.

Hapo ndipo mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa. Walituambia itachukua saa tano. Zilikuwa hazijatimia hata mbili.

Nesi akatoka, barakoa ameishusha kidevuni. Akaangalia huku na huku kwenye ile korido.

"Baba yake Raudha ni nani hapa?"